Mayai ya Gichiaro Wetu

Embu, upande wa Runyenjes

Kwako Baba Kendi,

Muga. Nakusalimu kwa jina la Bwana, na najua ukiuona mwandiko wangu umeshika kifua, maana mimi na wewe hatujaandikiana tangu simu zije. Keti kwanza. Hakuna aliyekufa. Mguu wako unaendeleaje? Kile kitambaa nilichokuachia unaufungia, au umeshakifunga kwenye mlango wa zizi? Na wachumaji wa kahawa wamekuja, ama bado wanazunguka kwa jirani? Mimi mwili uko salama. Moyo ndio haujakaa mahali pake siku hizi.

Sikupiga simu kwa sababu yako mwenyewe. Tangu sikio likatae, unaiweka simu kwenye sauti kubwa, na kila nikikwambia neno nasikia watu wa hilo duka unakoshinda wakiitikia “eee.” Siku ile nilikueleza habari ya tumbo langu, mke wa mwenye duka akanishauri dawa. Sasa jambo hili ni lako peke yako. Lisome ndani ya nyumba.

Nianze na mjukuu niliyekuja kumlea. Mwenda amenenepa mpaka shingo imepotea. Nesi wa kliniki alipomweka kwenye mizani alimwita mwenzake aje aone. Nikawaambia, “Hayo ni maziwa ya mama yake, na mama yake anakunywa uji wangu wa wimbi.” Kichwa ni chako kabisa. Kofia zote alizonunuliwa hazimwingii.

Na Kendi! Baba Kendi, mimi na wewe tulizaa mtu. Kwenye duka la huku Embu wanakotengeneza kompyuta, wateja hawasemi “nipeleke kwa fundi,” wanasema “nipeleke kwa Kendi.” Wanaume wenye mvi wanamngoja amalize kunyonyesha. Mimi nakaa pale nyuma na mtoto, na mtu akiingia namwambia kabla hajauliza, “Yule ni wangu.” Wale wa kwetu Githongo waliosema msichana hasomeshwi mambo ya nyaya, wasalimie mmoja mmoja kwa jina. Sema salamu zimetoka Embu.

Sasa sikiliza.

Karibu na tunapokaa kuna Mmeru aliyehamia huku zamani, anaitwa Mzee Mbaabu. Ana kiwanda kidogo cha vifaranga. Hakuna kuku anayelalia. Ni mashine, kabati kubwa kama jikoni letu, mayai yamepangwa kwenye trei kutoka chini hadi juu, na joto linalindwa na kompyuta. Hiyo kompyuta ungeiona ungecheka. Ni ya zamani, ina skrini nyeusi na herufi nyeupe, haina picha wala kipanya cha kusukuma. Inakungoja uiandikie amri. Ukikosea herufi moja inakujibu kwa dharau kama karani wa ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, wa zamani zile.

Hata mimi niliuliza kwa nini mzee asinunue mpya. Kendi akasema ndani yake kuna kadi, kibao fulani cha nyaya ndogondogo, ndicho kinachoongea na kabati la mayai, na kibao hicho hakijui kuongea na kompyuta za siku hizi. Ukiitupa kompyuta umetupa kabati lote.

Msimamizi wa kiwanda ni Mwembu mmoja anaitwa Nyaga, mtu mzima, mdomo kama wembe. Huyo Nyaga aliona aibu kumwandikia daktari wa mifugo habari za joto kwa kalamu. Akaleta printa, akaiwekea programu yake. Kuanzia hapo, ile programu ya joto ikaanza kukataa kuamka. Inaandika kwamba nafasi ya kumbukumbu haitoshi, halafu inanyamaza. Mayai yalikuwa ndani tayari, yana damu na moyo. Nyaga akawa anawasha na kuzima moto kwa mkono huku akitazama kipimajoto kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Ndipo Mzee Mbaabu akamtuma aje kumchukua Kendi, nami nikaenda na mtoto mgongoni.

Kendi aliitazama ile skrini akatabasamu. Nikamuuliza, “Unacheka nini na watu wanalia?”

“Mama, nafasi iko. Fikiria ploti ya vyumba vya kukodi. Mbele kuna sebule moja ndogo, nyuma kuna vyumba vingi. Kompyuta hii imezoea kukaa sebuleni. Hata ukijenga vyumba vingine kumi, yenyewe inabanana palepale mbele. Sasa printa ya Nyaga imeingia sebuleni na makochi yake. Programu ya joto ikija haioni pa kukaa.”

“Na dawa?”

“Tunaajiri keateka, yule msimamizi wa ploti. Anawahamishia hawa wadogo vyumba vya nyuma, sebule inabaki wazi.”

Huyo keateka ana jina, EMM386, kama namba ya gari la serikali. Tena hawezi kuja peke yake. Lazima kwanza aitwe mwenzake anayeitwa HIMEM, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa lango la nyuma. Kendi akaandika mistari yake michache, pole pole, akaizima kompyuta, akaiwasha. Programu ya joto ikaingia sebuleni, ikakunja mguu. Namba ya joto ikatokea kwenye skrini, ileile inayotakiwa. Nikapiga kigelegele mpaka mtoto akaamka.

Nyaga akasema, “Mama, hapa ni kiwanda, si harusi.”

Nikamwambia, “Ukizaa wa kwako kama huyu utakuja uniambie.”

Mzee Mbaabu akaingia. Ni mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayehifadhi maneno ya kesho. Akamtazama Kendi, akauliza ni mtoto wa wapi. Nikajibu mimi, “Wa Githongo, Imenti.” Akauliza ukoo. Unanijua, mdomo wangu haujui breki nikiulizwa mambo ya watu wangu. Nikautaja ukoo wako na nikaongeza na sifa zake.

Akaivua kofia. “Mama, hebu rudia.”

Nikarudia. Naye akautaja wake.

Baba Kendi, nikamwamkia upya. Wewe unajua. Ukoo wa huyo mzee ndio gichiaro chetu, wale ambao baba yako alikuwa akiwaona kwa mbali anaanza kujitengeneza kola.

Nyaga alikuwa akitutazama kama sinema. Akauliza gichiaro ni kitu gani. Mzee akamjibu taratibu: “Ni udugu walioapa babu zetu. Huyu akiniomba kitu, simnyimi. Nikimwomba, haninyimi. Hatudanganyani. Na mmoja akimuumiza mwenzake moyo, hata kama aliyeumia hatasema neno, balaa inaenda yenyewe nyumbani kwa aliyeumiza.”

“Basi mzee, mwombe atengeneze na simu yangu,” Nyaga akasema.

Mzee hakucheka. Alimgeukia Kendi. “Binti yangu, mimi nakuomba moja. Mayai haya yawe mikononi mwako mpaka yaanguliwe.”

Kendi, mtoto wa siku hizi, akasema, “Sawa tu, mzee,” kama mtu aliyeombwa maji ya kunywa. Mzee akashukuru, akaenda zake kwenye mkutano wa kanisa.

Mimi nimeokoka, unajua, na pale kwa akina mama wa kanisa hakuna anayeomba kwa sauti kunizidi. Lakini kuna mambo mtu anayapita kando, kama nyoka aliyelala. Baba yako mdogo alipomwambia gichiaro hana beberu, na beberu amefungwa nyuma ya nyumba, mbuzi zake ziliishaje? Basi.

Mchana ukaenda. Kendi alikuwa akikusanya vyombo vyake. Mimi nimeketi kwenye stuli, nimeegemea lile kabati, mtoto mapajani. Nikahisi mgongo unapata joto kama niko jikoni. Nikasema, “Kendi, hii kitu inachoma.”

“Skrini inasema iko sawa, Mama.” Akasogea karibu na skrini. “Nyaga. Hii namba imebadilika hata mara moja tangu niiwashe?”

Nyaga akasema, “Ibadilike ya nini? Si ndiyo tunayoitaka?”

Kendi akafungua mlango wa kabati. Joto lilitoka likatupiga usoni. Nyaga akanyakua yai la trei ya juu, akaligusisha kwenye kope la jicho kama wanavyolipima, akaruka. “Ni moto! Binti, si ungesema tulete chumvi kabisa!”

Kendi hakungoja. Akachomoa waya wa moto. Tukapepea kwa leso, kwa magunia, kwa vifuniko vya trei. Nyaga akaleta maji ya vuguvugu, tukawa tunanyunyiza kidogokidogo kama tunabariki. Kipimajoto kikaanza kushuka. Lakini joto lile lilikuwa limekaa mle ndani muda gani? Hakuna aliyejua. Ile namba nzuri kwenye skrini haikuwa imepimwa. Ilikuwa ni ile tu ambayo programu iliagizwa kuitafuta. Na nani huuliza namba nzuri imetoka wapi?

Kendi akaketi chini sakafuni. “Mama, ni keateka wangu. Amekodisha chumba chenye mtu.”

“Chumba gani?”

“Ile kadi ya mayai ina chumba chake huko nyuma. Yeye hasemi, anangoja amri tu. Keateka amebisha, akasikia kimya, akadhani ni kitupu, akamwingiza printa. Sasa programu ikisema ‘zima moto,’ neno linafika kwa printa. Kadi haisikii kitu. Moto unawaka tu. Ningemwambia mapema chumba hicho asikiguse. Sikumwambia.”

Nyaga akafunga mlango wa nje. Akarudi akaongea chini chini. “Sikilizeni. Stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaharibu. Kila mtu anajua stima ya huku. Mzee hawezi kuuliza. Binti anabaki na jina lake, na mimi nabaki na kazi yangu.”

Baba Kendi, siku nyingine yoyote ningesema stima, na ningeongeza na radi. Kwa ajili ya Kendi ningeapa nimeiona ikiingia dirishani. Lakini mtu huyu ni gichiaro. Nilimtazama Mwenda amelala kwenye leso, kifua kinapanda na kushuka. Balaa ikitafuta nyumba ya aliyedanganya, itamkuta nani mlangoni? Itakuta yule mdogo.

Nikasema, “Nyaga, hapana.”

“Nyinyi Wameru na viapo vyenu! Mzee mwenyewe ni mzee wa kanisa.”

“Na mimi ni mama wa kanisa. Hapana.”

Kendi alikuwa ameshasimama. “Hata bila gichiaro nitamwambia, Mama. Lakini kwanza nitengeneze, nisimpelekee maneno matupu.”

Akaifungua kompyuta, akamulika ile kadi kwa tochi ya simu. Kuna vijiti vidogo kama punje za mtama, vingine vimelala, vingine vimesimama, ndivyo vinavyosema kadi inakaa chumba namba ngapi. Akavisoma, akaandika kwenye kiganja, akamwandikia keateka mstari: hapa usiguse. Nikafikiri ataurudisha moto kwenye mayai nikaanza kukemea. Akasema, “Mama, mimi si mjinga mara mbili.” Pale panapoingia waya wa moto akafunga balbu. Kompyuta ikiamuru moto, balbu itawaka. Ikiamuru uzimwe, itazimika. Nyaga akawa anawasha moto wa mayai kwa mkono, kando.

Balbu ikawaka. Tukangoja izimike. Haikuzimika. Nikaomba kwa Kimeru, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Kendi akatazama kiganja chake tena, midomo inacheza. Kumbe kadi ile inakaa vyumba viwili vilivyoshikana, naye alikuwa amemkataza keateka kimoja. Akauandika mstari upya. Balbu ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika, pole pole, kama mtu anayepumua. Hata namba ya skrini ikaanza kucheza, juu kidogo, chini kidogo. Hapo ndipo akairudisha kwenye mayai.

Mzee aliporudi, Kendi alimpokea langoni. Alimwambia yote, hata habari ya keateka, bila kuficha. Mimi nilisimama nyuma yake nikimtazama mzee usoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Yameumia mangapi?”

“Hatutajua mpaka siku ya kuanguliwa, mzee.”

“Sawa,” akasema.

Sawa ya mzee wa Kimeru unaijua. Ni mlango umefungwa, hujui ndani kuna nani.

Siku zilizofuata sikuishi. Kendi alikuwa akienda kule kila asubuhi kuyatazama mayai, nami naenda naye, kazi yangu ikiwa moja tu: moyo wa yule mzee usiumie. Nilimpelekea uji wa wimbi. Nikampikia kitheri laini, mahindi na maharagwe ya mtu asiye na magego. Alisema utani mmoja juu ya jogoo na kasisi, hauchekeshi hata kidogo, nikacheka mpaka Nyaga akaniuliza kama nimeugua. Lakini mzee alikuwa anavuta kiti, anakaa mbele ya lile kabati, na anashusha pumzi. Kila pumzi yake ilikuwa inanipita hapa kwenye mbavu.

Halafu Mwenda akashikwa na homa. Kendi akasema ni baridi ya asubuhi, kliniki wakasema ni baridi, nami nikasema ni baridi. Lakini nilikuwa nimeacha kumweka kitandani. Nilimshika tu, nikimhesabia pumzi. Sikukuambia kwenye simu. Watu wa dukani wangeitikia nini?

Siku ikafika. Tuliposimama mbele ya kabati nikasikia kitu kama mvua ya kwanza kwenye mabati, chembe moja moja. Walikuwa wanagonga maganda. Trei za chini zilikuwa zinasogea zenyewe, manyoya yaliyolowa, midomo midogo, kelele! Nikamshika Kendi mkono. Lakini alikuwa anatazama juu. Trei za juu, zile zilizokaa karibu na moto, nyingi zilikuwa kimya. Tulingoja. Zikaendelea kuwa kimya.

Mzee hakumruhusu Nyaga. Aliyatoa mwenyewe mayai yale kwa mkono, moja moja, analiweka sikioni kwanza, halafu kwenye ndoo. Hakuyatupa. Aliyaweka. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa.

Nilikufa nikiwa nimesimama. Nikamuuliza, “Baba, hayo machozi ni ya nini? Yataje kwa mdomo.”

“Ni vumbi la manyoya, Mama.”

Sikumwamini, na sikuweza kumwita mwongo. Nikafungua leso, nikamtoa Mwenda na homa yake, nikamweka mikononi mwa yule mzee kabla hajajua amepewa nini. “Mimi mke wa gichiaro chako nakuomba kitu. Mbariki huyu.”

Kendi akasema, “Mama!” kwa aibu. Mzee alimtazama mtoto muda mrefu. Nilijua nimemfunga kamba, maana hawezi kuninyima, lakini hata baraka ya mtu aliyefungwa ni baraka. Ulimi uliobariki haugeuki. Akafungua shati la mtoto, akamtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu. “Kua,” akasema. “Uwe na watu. Mikono ya mama yako ikutangulie.” Mwenda akalia kwa sauti ya kwanza kamili tangu homa ianze. Sauti yako ileile ukilitafuta jembe.

Halafu mzee akamwambia Kendi, “Ulinieleza ukweli ukiwa na mlango wa kutokea. Nimeona. Huzuni hii ni ya mayai, si yako.” Kendi ndipo akalia.

Homa imeshuka. Anaponyonya sasa nasikia mpaka chumba cha pili. Mashine inafanya kazi, na keateka wa Kendi hakodishi tena chumba chenye mtu. Nyaga ameanza kumwita Kendi “mwalimu,” ingawa kwa pembeni ya mdomo.

Nisalimie mama yako, mwambie kichwa cha mjukuu ni cha ukoo wake, asinilaumu mimi. Salimia dada yako anayetukamulia ng’ombe, na mke wa mchungaji, ambaye utamwambia tu kwamba naomba maombi, usimwambie ya nini. Mkaza mwanangu amwage maji kwenye ile miche ya kahawa jioni, si mchana.

Na sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Nilipokuwa namfunga mtoto mgongoni, mzee alisema, “Mama, umeniomba na sikukunyima. Mimi pia nina ombi langu. Lakini hili si la kina mama, ni la mwenye nyumba.” Nikamwuliza ni nini. Nikamwuliza kwa uji, kwa kitheri, kwa utani wa jogoo na kasisi. Alitabasamu tu. Kila nikikumbuka lile tabasamu nawaza zizi, shamba la chini, lile dume lako unaloliimbia, hata Kendi mwenyewe, na kila nikikitaja moyoni naona hicho ndicho.

Mwanamume aliyekuletea barua hii ni mtoto wa dada yake Mzee Mbaabu. Yeye ndiye aliyebeba lile ombi, na wakati huu amesimama uani kwako anangoja umalize kusoma. Baba Kendi, nakujua. Usianze na “hebu tuone,” usianze na “mambo ni magumu.” Mjukuu wako amewekewa mate kifuani kwa ajili yetu. Toka nje, mpe kiti, mpe maji, na chochote atakachotaja, kabla hajamaliza kusema, itikia.

Ni mimi mkeo ninayekupenda na kukuogopea,
Mama Kendi